Vidole Viwili Juu ya Kitovu

Alipokufa Nassor wa hoteli, mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kutia bega chini ya jeneza, na sikulitoa bega hilo mpaka makaburini. Watu walinipisha. Si kwa umri, maana walikuwepo wakubwa kuliko mimi. Walinipisha kwa sababu Tanga hii ukishasema Bakari wa Matofali huhitaji kuongeza neno. Tembea kutoka Makorora mpaka Raskazone, gonga ukuta wowote uliosimamishwa miaka ishirini hii, kuna uwezekano mkubwa umegonga kitu kilichotoka kwenye uwanja wangu. Nilianza na kalibu moja ya mbao niliyoipigilia misumari mwenyewe. Elimu yangu ni darasa la nne, na hilo la nne lenyewe nililimaliza kwa kusukumwa. Waliosoma wananunua kwangu na wananiita bosi. Nalisema hili mapema ili msomaji ajue anazungumza na mtu wa aina gani, asije akadhani ni mnyonge anayelalamika. Basi nilirudi kutoka mazikoni, nikavua viatu, nikamkuta mke wangu Zuhura amekaa mkekani, macho mekundu, pua imevimba kwa kulia. Nikamwambia, "Ule basi." Akasema, "Sina hamu." Na mimi, mtu mzima mwenye mvi mpaka kwenye ndevu, nikamwonea wivu maiti. Nilikaa pale kwenye kochi nikijiuliza kama siku yangu itakapofika, mwanamke huyu atakosa hamu ya wali kwa ajili yangu. Wivu huo haukuanza juzi. Una mwaka wake, na mwaka huo nataka niueleze mimi mwenyewe, maana wengine wameshaueleza kwa namna zao, na kote mimi natoka mjinga.

Tulikuwa tumepanga vyumba viwili Makorora, kwenye nyumba ya wapangaji wanne, uani kwa pamoja, choo kwa pamoja, na maneno kwa pamoja. Zuhura alikuwa anapika mkate wa kumimina. Mpaka leo sijala wa mtu mwingine unaofanana na ule: unga wa mchele alioutwanga mwenyewe, tui zito la kwanza, iliki ya kutosha, makaa chini na makaa juu ya kifuniko, na alikuwa anajua umeiva kwa kunusa tu, hafunui. Nassor alikuwa na hoteli ya chai karibu na soko. Watu wa kwao walitoka Omani zamani, mababu huko, na walibaki na mashamba Pangani na majumba mjini. Yeye alisoma mpaka kidato cha nne, anaandika mkono mzuri, anavaa shati lililopigwa pasi hata Jumapili. Kila asubuhi alikuja na Vespa yake ya kijani kuchukua sinia la mikate. Angeweza kumtuma mtu. Hakumtuma. Alisimama mlangoni, akabisha hodi mara tatu kama sheria inavyotaka, hakuvuka kizingiti, akasema, "Bi Zuhura, jana wateja wamegombana kwa ajili ya mkate wako. Sasa nawaambia wapige foleni kama benki." Na Zuhura alicheka. Mimi nilikuwa chumbani navaa nguo zangu za kazi zenye saruji iliyokauka, nasikia kicheko hicho, nahesabu kimechukua muda gani. Kwangu alikuwa hacheki hivyo. Nilikuwa sijui kusema vitu vya kuchekesha. Nilijua kufyatua matofali.

Kisha ikaja kazi ya Pemba. Mfanyabiashara mmoja wa huko, mtu wa karafuu, alitaka kujenga nyumba ya ghorofa, akasikia kuna kijana Tanga anafyatua tofali lisilovunjika hata ukilidondosha kutoka mabegani. Kijana huyo ni mimi. Nilikaa kule miezi mitano. Simu za mkononi zilikuwepo, lakini si kwa watu kama sisi, kwa hiyo niliyefanya mpango nilikuwa mimi mwenyewe, kwa akili zangu mwenyewe: kila Ijumaa baada ya swala nitapiga simu ya mezani hotelini kwa Nassor, na Zuhura atakuwa pale anasubiri. Hebu fikiria ujinga huo. Nilikuwa napiga, inaita, na sauti ya kwanza ninayoisikia kutoka nyumbani si ya mke wangu, ni ya Nassor. "Bwana Bakari! Pemba wanakulisha? Ngoja nikupe mwenyewe." Halafu nasikia kiti kinavutwa. Nasikia kikombe. Nasikia Zuhura anasema, "Asante, bila sukari." Alijuaje kumuuliza sukari? Miezi mitano nimefyatua matofali huku nakitafuna kikombe hicho cha chai. Wapemba ni watu wapole, walinilisha samaki na muhogo wa nazi na wakanionyesha heshima, lakini mimi kila Ijumaa nilirudi kazini nimenuna, na matofali ya siku hiyo yalitoka magumu kuliko ya siku nyingine.

Niliporudi, Zuhura alinipokea kama mfalme, sitaki kumdhulumu. Alipika biriani ya kuku, akatandika shuka mpya, na mwezi haukuisha vizuri akaanza kutapika asubuhi. Nilifurahi mpaka nikaukosea uwiano wa saruji na mchanga, kosa ambalo sijawahi kulifanya kabla wala baada. Tulikuwa na miaka mitatu ya ndoa bila mtoto, na watu walishaanza kuniangalia kwa huruma, huruma ambayo mimi siipendi hata kidogo. Lakini tumbo lile lilikuwa na haraka. Mwezi wa tatu kanga hazifungiki. Zuhura alikuwa anashika ubavu wa kulia anapoinuka, anauma meno, anaendelea kukuna nazi. Siku moja alasiri nimelala chumbani, dirisha la uani wazi, nikawasikia wanawake wa nyumba wanamenya viazi. Mmoja akasema, "Hilo tumbo la Zuhura ni pacha hilo." Mwingine, Mama Mwanaisha, mwanamke mwenye ulimi kama wembe mpya, akasema, "Pacha au kalenda? Mume karudi juzi tu, tumbo limerudi kabla yake." Wakacheka wote, wakanyamaza, wakacheka tena polepole. Mimi nilibaki nimekodolea macho dari. Kiazi kilikuwa kinadondoka kwenye maji, chubwi, chubwi, na kila kikidondoka nasikia Vespa.

Nilikuwa na shangazi, Bi Mwanakombo, mkunga wa jadi, Mdigo wa kutoka upande wa mpakani. Watoto aliowapokea hawahesabiki. Kwetu mkunga akishapapasa tumbo hakuna anayembishia. Vidole vyake ndivyo kipimo. Nikamleta nyumbani nikasingizia amekuja kumchua Zuhura na mafuta ya nazi, apate nafuu ya ubavu. Alimlaza mkekani, akampapasa kutoka chini kwenda juu, akafika kitovuni, akapita. Akaweka kidole kimoja juu ya kitovu. Akaweka cha pili. Nilikuwa nimesimama mlangoni pale pale alipozoea kusimama Nassor. Alipomaliza nikamsindikiza nje nikamuuliza, "Shangazi, ni ya miezi mingapi?" Akanawa mikono kwenye kopo bila kunitazama. "Vidole viwili juu ya kitovu, mwanangu. Hiyo ni sita. Labda na siku." Nikamwambia, "Mimi nimeshuka botini miezi mitatu na nusu iliyopita." Hapo ndipo akaniangalia. Akasema, "Basi mie sijasema kitu," akajifunga mtandio, akaondoka. Lakini alishasema. Mimi mtu wa kuhesabu matofali kwa macho, elfu kwa elfu, bila karatasi, hesabu ya sita kutoa tatu na nusu haikunishinda.

Jioni ile chakula kilikuwa wali na samaki wa kupaka. Nakumbuka kwa sababu sikukigusa, na mimi si mtu wa kuacha samaki wa kupaka. Nikamwambia, "Zuhura, mimba yako ina miezi mingapi?" Akasema, "Si unajua? Mitatu na wiki." Nikasema, "Shangazi anasema sita, na mimi nina mitatu na nusu tangu nishuke botini." Aliweka tonge chini. Akasema, "Bakari, huku kulia pananiuma, panauma kama kuna mtu ananikandamiza jiwe." Nikasema, "Sijauliza mambo ya mawe. Nimeuliza miezi." Akanyanyuka akachukua sahani yake akaenda kula uani, na wanawake wengine wote wa nyumba ile wakawa ghafla na kazi karibu na ukuta wetu.

Asubuhi yake nilikwenda hotelini. Nassor alikuwa kwenye kaunta anapanga vikombe. Wateja walikuwa wengi, na mimi nilitaka wawe wengi. Nikasema kwa sauti, na sauti Mungu alinipa, "Nassor, ulimpa mke wangu chai bila sukari kwa miezi mitano. Leo nimekuja kuuliza na kingine ulichompa." Nassor alipauka, masikio yakawa mekundu, lakini hakupandisha sauti. "Bwana Bakari," alisema, "mkeo alikuwa anakuja hapa na dadaake na mtoto wa jirani, wanakaa meza ile pale, mbele ya watu wote hawa. Waulize." Nikasema, "Watu wako hao wanakunywa chai yako." Mzee mmoja wa kwenye kona akaniambia, "We fundi, nenda kanawe uso." Nassor akaongeza, kwa upole ulioniuma kuliko ngumi, "Mwanamke yule anaumwa, bwana. Kila nikija kuchukua mikate anashika ubavu. Umempeleka hospitali?" Nilitaka kumpiga. Kilichonizuia ni kwamba swali lilikuwa la kweli, na mtu wa kuuliza nilipaswa kuwa mimi.

Wiki hiyo hiyo nikamrudisha Zuhura kwao. Baba yake, Mzee Hatibu, alikuwa na minazi Mwera, kule Pangani, mtu mfupi, mkimya, anayezungumza kama kila neno analichuma mtini. Tulifika adhuhuri. Nikasema shikamoo, akaitika marahaba, akatukaribisha madafu. Nikamwambia yale maneno yanayosemwa: "Baba, nimekurejeshea amana yako." Akamtazama binti yake, akamtazama tumboni, akanitazama mimi. "Na karatasi yake ya talaka iko wapi?" Nikasema nitaileta. Akasema, "Mwenye mimba eda yake ni kuzaa. Hata ukimwacha leo hii, atasubiri mpaka ajifungue. Sasa wewe unakimbilia wapi? Kunywa dafu, litapoa." Dafu haliwezi kupoa, alikuwa ananicheza shere, nililijua hilo hata wakati ule. Zuhura alipita ndani ameshika ubavu. Nilirudi Tanga na vyumba viwili vikawa vikubwa kama uwanja wa mpira. Nilikuwa nalala upande wake wa kitanda. Asubuhi Vespa haikuja tena, na ajabu ni kwamba kutokuja kwake kuliniudhi vilevile: kama hakuja kwa sababu hayupo Zuhura, basi alikuwa anakuja kwa sababu ya nini?

Mwezi mmoja baadaye Mzee Hatibu akatuma habari kwamba Zuhura ameletwa hospitali mjini, maumivu yamemzidi, ana homa, hawezi kunyoosha mguu. Nilikwenda na nguo za kazi. Nakiri kwamba njiani nilikuwa nafikiria mambo mawili: asife, na nani mwingine atakuwa pale. Hakuwepo mwingine. Alikuwepo baba yake kwenye benchi, na daktari mwanamke, mnene, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, asiyekuwa na subira na wanaume. Alinipeleka kwenye chumba cha mashine ya picha. Zuhura amelala, tumbo linang'aa kwa mafuta, na kwenye kioo kitu kinacheza kama samaki kwenye maji ya matope. Nikamuuliza daktari kitu kimoja tu. "Ana miezi mingapi?" Akabonyeza bonyeza, akapima kichwa, akapima paja. "Mtoto ana wiki ishirini na mbili. Mitano, na kidogo, ukihesabu tangu hedhi ya mwisho; kwa mimba yenyewe toa wiki mbili." Nikahesabu. Nikahesabu tena, kwa vidole, mbele ya daktari, sikuona haya. Ikaja sawasawa na siku za biriani na shuka mpya. "Mbona tumbo ni la miezi saba?" nikasema, na sauti yangu haikuwa ile ya hotelini.

Akageuza kioo. "Unaona hiki? Na hiki hapa juu? Hawa si watoto. Huu ni uvimbe kwenye mfuko wa uzazi. Fibroidi. Wanawake wengi wanao, na wengi hawajui wanao mpaka wapate mimba." Nikauliza kama ni saratani. Akasema si saratani. Akanieleza pole pole, kama mtu anayemweleza mteja kwa nini ukuta umepasuka, na kwa lugha hiyo nilimwelewa: mimba ikiingia, damu nyingi huenda kwenye mfuko ule, na uvimbe nao unakula humo humo, mwingine hautikisiki, mwingine unakua haraka miezi ya mwanzo. Huu wa kulia, mkubwa kama chungwa la Muheza, umekua mpaka damu haiufikii vizuri, ndiyo maana unauma namna ile. Na huu wa juu umekaa kichwani mwa mfuko, umeusukuma juu kuliko miezi yake. "Nani alimpima kabla?" Nikasema shangazi yangu, kwa vidole. "Shangazi yako alipapasa uvimbe, akadhani ni mtoto. Hakukosea kupapasa. Alikosea alichokishika." Halafu akaniambia yaliyobaki: uvimbe haukatwi sasa, wengi huzaa salama, lakini huyu aangaliwe, anaweza kupata uchungu kabla ya siku, mtoto anaweza kukosa nafasi ya kugeuka, na baada ya kuzaa damu inaweza kutoka kupita kiasi. Mimi nilikuwa namsikiliza kwa sikio moja. Sikio la pili lilikuwa linasikiliza Zuhura anavyopumua.

Wodini nilikaa pembeni ya kitanda nikamwambia nimekosea. Sikuwahi kumwambia mtu maneno hayo, wala sijayazoea. Akasema, akitazama dari, "Uliniuliza miezi. Hukuniuliza naumwa nini." Nikasema tutarudi nyumbani. Akasema, "Nyumbani kwangu ni Mwera." Maumivu yalipotulia kwa dawa na kulala, akaenda kukaa kwa dadaake mjini ili awe karibu na hospitali. Nilikuwa nampelekea uji wa mtama, supu ya pweza, machungwa, vitu ambavyo wanaume wa umri wangu hawakuonekana wakibeba barabarani. Alivipokea kwa adabu akavigawa kwa watoto wa dadaake mbele yangu. Siku moja nilikuta kwenye meza kopo la maziwa ya ngamia, na dadaake akasema, bila kuulizwa, "Katuma mke wa Nassor." Nikala chuki yangu nikaimeza kama dawa. Nilishajua mtu yule hana kosa, na nilimchukia zaidi, maana mwenye kosa ungeweza angalau kumsamehe.

Alipofika miezi minane na nusu uchungu ulimwanza, na mtoto alikuwa amekaa, matako chini, kichwa kimebanwa juu na ule uvimbe. Wakampasua mchana. Mtoto wa kike alitoka akilia vizuri, lakini daktari wa miwani alitoka nje akiwa na damu mpaka kwenye viwiko, akasema mfuko wa uzazi unakataa kujikunja kwa sababu ya ule uvimbe, damu haikatiki, tunataka watu wa kutoa. Nilikuwa nimeshakunja mkono wa shati kabla hajamaliza. Wakanipima. Zuhura ni O, anapokea O tu. Mimi ni B. Nikamwambia mpimaji arudie. Akarudia. B. Mwili huu uliobeba zege ghorofa tatu bila kupumzika, siku moja tu ulipotakiwa, ukakataliwa. Baba yake alikuwa mzee mno, dadaake alikuwa ananyonyesha. Nilikwenda mwenyewe, kwa miguu yangu, mpaka hotelini. Nassor alikuwa anampa mteja chenji. Nilisimama mlangoni. Sikuvuka kizingiti. Nikasema, "Zuhura anakufa kwa damu. Mimi ya kwangu haimfai." Hakuniuliza kitu. Alivua aproni akawaambia watu wake wanne wa jikoni, "Funikeni sufuria, twendeni." Kati ya watano, wawili walikuwa O. Mmoja mpishi. Wa pili, bila shaka, Nassor.

Alitoka chumba cha kutolea damu na pamba mkononi, shati limekunjwa vizuri mpaka juu ya kiwiko, akakaa kwenye benchi karibu na mimi. "Usininunie, Bwana Bakari," alisema. "Wameniambia ninywe soda, na soda hospitali hawana." Nikaenda kumnunulia soda. Hiyo ndiyo takrima pekee niliyowahi kumfanyia mtu yule kwa moyo mmoja, na hata hapo, nikimtazama anavyokunywa, nilikuwa nafikiria kwamba kitu chake sasa kinazunguka ndani ya mke wangu, kinapita moyoni mwake, na changu kimekataliwa mlangoni. Kasirika nami ukitaka, msomaji. Ndivyo ilivyokuwa. Alimwokoa, na nikamwonea wivu wa kumwokoa.

Alasiri muuguzi akaja na mtoto amezungushiwa kanga, akasema mama ametulia, damu imekata, anazinduka. Akamkabidhi Mzee Hatibu. Mzee akamfunua uso kidogo, akasema bismillah, halafu akainua macho akatutazama pale bencheni, mimi na Nassor, kwa zamu, bila haraka yoyote. "Mtoto hajaadhiniwa," akasema. "Mwenyewe nani?" Ukumbi ule ulikuwa na watu, wengine wa Makorora, wengine walikuwepo hotelini siku ile. Nassor alitazama chupa yake ya soda. Nikasimama. Nikasema, "Ni mimi, baba." Nikampokea, mwepesi kuliko nusu tofali, nikaweka mdomo kwenye sikio lake la kulia, na mimi ambaye sauti yangu inavuka uwanja mzima na mashine zikiwaka, sauti ikakatika kwenye takbira ya pili, ikabidi nianze upya.

Tulipoingia kumwona Zuhura alikuwa amekauka midomo, rangi imemtoka, chupa ya damu inadondoka polepole juu yake. Baba yake akamwonyesha mtoto. Akamgusa pua. Akauliza kwa sauti ndogo, "Nani kamuadhinia?"

"Babaake," Mzee Hatibu akasema.

Zuhura akageuza kichwa, akanitafuta kwa macho mpaka akanipata nyuma ya muuguzi. "Babaake yupi?" akauliza. "Wa miezi sita, au wa mitatu na nusu?"

Muuguzi akacheka sana, akidhani ni dawa ya usingizi haijamtoka. Na mimi nikacheka pamoja naye, kwa sababu baba mkwe alikuwa ananitazama.